Tiketi Moja Haihitaji Mfuko Mmoja

Imekuwa desturi katika zama zetu, kila yanapotajwa mambo ya safari za ndege baina ya bara na bara, kusikia rai moja ikirudiwa na mawaziri, wakurugenzi wa mashirika, wachumi na waandishi wa magazeti kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibiti na lisilostahili tena kuulizwa: ya kwamba miungano mikubwa mitatu ya mashirika ya ndege ulimwenguni, yaani Star Alliance, Oneworld na SkyTeam, ni neema tupu kwa abiria, kwa kuwa imempatia tiketi moja badala ya tatu, imemwondolea taabu ya kuipokea mizigo yake na kuisajili upya katika kila kiwanja, na imemteremshia nauli. Rai hii ina chembe ya ukweli ndani yake, wala sitaikana chembe hiyo. Lakini nadai kwamba ukweli huo mdogo umetumiwa kama hati ya kupitishia jambo jingine kubwa lisilofanana nao, na kwamba jambo hilo la pili, ambalo ni ruhusa ya washindani kukaa pamoja wakapanga bei na kugawana mapato, linamdhulumu abiria yule yule anayetajwa kuwa ndiye anayehudumiwa.

Yafaa kwanza tuikumbuke asili ya mambo haya. Mkataba wa Chicago wa 1944 uliziachia dola mamlaka kamili juu ya anga zao, ikawa kila njia baina ya nchi mbili haina budi kufunguliwa kwa mapatano ya serikali mbili. Na mwaka uliofuata mashirika yenyewe yakakutana Havana, yakaunda chama chao, IATA, ambacho kwa miongo mingi mikutano yake ndiyo iliyokuwa ikipanga nauli za kimataifa, waziwazi na kwa idhini ya serikali. Marekani ilipoondoa udhibiti wa nauli zake za ndani mwaka 1978, ikaanza pia kuzihimiza nchi nyingine ziziache nauli ziamuliwe na soko. Hata hivyo sheria ziliendelea kumzuia mgeni asilimiliki shirika la ndege la taifa jingine: Marekani humruhusu asilimia 25 tu ya kura, na Umoja wa Ulaya haumruhusu mtu wa nje kufikia nusu ya umiliki. Basi mashirika yaliyotamani kuungana, yakakuta mlango umefungwa na sheria, yakatafuta njia ya kuyapata matunda ya kuungana bila ya kuungana kwenyewe. Mwaka 1992 Uholanzi ilitia sahihi na Marekani mkataba wa anga huria, na mwanzoni mwa 1993 KLM ya Uholanzi na Northwest ya Marekani zikapewa na serikali ya Marekani kinga dhidi ya sheria za ushindani, kinga ambayo mfanyabiashara wa bidhaa nyingine yoyote angeiomba akaambiwa kwamba anaomba ruhusa ya kuvunja sheria. Star Alliance ikazaliwa Mei 1997, Oneworld ikaanza kazi Februari 1999, SkyTeam ikafuata Juni 2000, na ndani ya kila muungano wakubwa wachache wakaomba kinga ile ile, nao wakapewa.

Hapa ndipo penye ufunguo wa hoja nzima, nami nitakaa hapo kidogo, kwa kuwa watetezi wa miungano aghalabu hupapita mbio. Mambo mawili yamefungwa katika furushi moja. La kwanza ni huduma: kuuziana viti, kutia namba za mashirika mawili au matatu katika ndege moja, kupeleka mizigo hadi mwisho wa safari, kupatanisha saa za kuondoka na za kufika ili msafiri asikeshe kiwanjani. La pili ni mfuko: mashirika mawili yanayoruka njia moja huweka mapato yao ya njia hiyo mahali pamoja, wakayagawa kwa mizani waliyokubaliana, ikawa hakuna kati yao anayejali tena abiria amepanda ndege ya nani, na kwa hiyo hakuna anayeona haja ya kushusha bei ili amvute. Wenye maduka mawili yanayotazamana mtaani wanaweza kukopeshana mizani na kuelekezana wateja bila ya kumdhuru mtu; wakianza kutumia sanduku moja la fedha, mtaa umebaki na duka moja lenye milango miwili. Jambo la kwanza halikuwa na haja ya kinga yoyote, kwani mashirika yalikuwa yakikubaliana tiketi za kuunganisha tangu enzi za babu zetu. Kinga iliombwa kwa ajili ya jambo la pili.

Watetezi wana hoja moja yenye nguvu, na insafu yataka niieleze katika sura yake iliyo bora kabisa. Husema kwamba msafiri anayetoka mji mdogo wa bara moja kwenda mji mdogo wa bara jingine hulazimika kutumia mashirika mawili, na kila shirika likipanga bei ya kipande chake peke yake huongeza faida yake juu ya faida ya mwenzake, bila ya kujali kwamba nauli nzima imekuwa nzito kiasi cha kumkatisha tamaa abiria. Ilhali wakipanga bei pamoja huona kwamba kupunguza kidogo huwaletea abiria wengi zaidi, nao wote wakafaidika. Hoja hii si porojo. Wachumi Jan Brueckner na W. Tom Whalen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliona kwamba nauli za safari za kuunganisha zilizouzwa na mashirika yaliyoshirikiana zilikuwa chini kwa asilimia 25 hivi kuliko zile za mashirika yasiyoshirikiana. Takwimu hiyo imesafiri dunia nzima, ikatiwa katika hotuba na maombi ya vibali. Lililosahauliwa njiani ni nusu ya pili ya utafiti ule ule, ambamo makadirio yao yalionyesha kwamba katika njia za moja kwa moja kati ya viwanja vikuu vya washirika waliokuwa washindani, muungano ungepandisha nauli kwa asilimia 5 hivi. Wao wenyewe, kwa uaminifu wa wanachuoni, walisema kwamba makadirio hayo ya pili hayakufikia kiwango cha uthibitisho wa kitakwimu. Lakini yaliashiria upande ambao hatari hukaa, na waliokuja baada yao waliitafuta hatari hiyo wakaikuta.

William Gillespie na Oliver Richard, wachumi wa Wizara ya Sheria ya Marekani, walizichunguza nauli za kuvuka Atlantiki kwa data za miaka mingi, wakaona kwamba katika njia za moja kwa moja nauli huwa juu pale washindani huru wanapokuwa wachache, na kwamba mashirika mawili yenye kinga yanapaswa kuhesabiwa kuwa mshindani mmoja. Wakaona pia kwamba kinga si sharti la kuwapatia wasafiri wa kuunganisha nauli nafuu. Tena serikali zilizotoa kinga zilikuwa zikiijua hatari hii tangu mwanzo. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilipowapa kinga United na Lufthansa mwaka 1996, iliwakataza kupanga bei pamoja kwa baadhi ya abiria wa njia za Chicago na Washington kwenda Frankfurt. Julai 2010 Tume ya Ulaya ilipouridhia ubia wa British Airways, American na Iberia, ilidai kwanza waachie washindani nafasi za kutua na kuruka London. Mwaka 2013 ikawa zamu ya njia ya Frankfurt na New York, na 2015 zamu ya Paris, Amsterdam na Roma kwenda New York. Mtu hatozi fidia kwa jambo lisilo na madhara. Maadamu mamlaka za pande zote mbili za Atlantiki zimekiri mara kwa mara, kwa masharti waliyoyaandika kwa mkono wao, kwamba mfuko mmoja huumiza ushindani, wale wanaotuletea sisi habari za neema tupu wanatuletea nusu ya jalada.

Ni kweli kwamba msafiri wa Morogoro au wa Eldoret hakai katika njia ya moja kwa moja ya New York na Frankfurt, na huenda mtu akasema kwamba mifano ya Atlantiki haituhusu. Natazama basi hali yetu wenyewe, na naiona ikisema maneno yale yale kwa lahaja nyingine. Abiria wa Dar es Salaam anayekwenda London hana ndege ya moja kwa moja. Ni lazima aunganishe mahali. Akipita Addis Ababa kwa Ethiopian, au Doha kwa Qatar Airways, au Dubai kwa Emirates, au Istanbul kwa Turkish, vipande vyote viwili vya safari yake hubebwa na shirika moja, kwa bei moja, na ile hasara ya faida juu ya faida, ambayo ndiyo nguzo ya hoja ya watetezi, haipo hata kidogo. Hakuna waziri aliyelazimika kumpa mtu kinga ili jambo hili liwezekane. Emirates, iliyoanzishwa mwaka 1985, haikujiunga na muungano wowote kati ya mitatu, na bado inamchukua mtu kutoka Dar es Salaam hadi miji mingi ya dunia kwa tiketi moja na mzigo mmoja. Naamini kwa dhati kwamba nafuu iliyoingia katika nauli za pwani yetu kwenda Ulaya, Marekani na Arabuni imetokana na mashirika haya kugombania abiria wetu, kuliko ilivyotokana na hati zozote zilizotiwa sahihi Amsterdam au Chicago.

Na tazama wakubwa wa miungano walifanya nini walipokutana na ushindani huo. Mwaka 2015 Delta, United na American, kila moja ikiwa nguzo ya muungano wake, zilisimama bega kwa bega kuitaka serikali ya Marekani iyazuie mashirika ya Ghuba, kwa madai kwamba yanapewa ruzuku na serikali zao. American na Qatar Airways zilikuwa wakati huo ndugu wa Oneworld. Undugu haukumzuia American, miaka miwili baadaye, kuvunja mapatano ya kuuziana viti na Qatar. Sisemi kwamba suala la ruzuku halina maana. Nasema kwamba watu waliokuwa wakitangaza miongo miwili kuwa wao ni watumishi wa abiria hawakumtaja abiria walipotaka mlango ufungwe. Tena yupo Virgin Atlantic wa Uingereza, aliyekuwa mpinzani mkubwa kuliko wote wa ubia wa British Airways na American, hata akaandika upinzani wake ubavuni mwa ndege zake. Delta aliponunua asilimia 49 ya hisa zake, Virgin naye akaomba kinga, akapewa mwaka 2013, na mwaka 2023 akaingia SkyTeam. Siwezi kumlaumu kwa kutaka kuishi. Lakini sauti iliyokuwa ikimtetea abiria katika baraza za London ilinyamaza siku ile, na hakuna mwingine aliyechukua nafasi yake.

Nirudi nyumbani kabisa, kwa Kenya Airways, ambayo hutajwa kama ushahidi wa kwamba shirika la Kiafrika haliwezi kusimama bila ya mkono wa mgeni. KLM ilinunua asilimia 26 ya hisa zake ubinafsishaji ulipofanywa katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1997 wakaingia katika ubia wa kugawana mapato. Mwaka 2010 Kenya Airways ikawa mwanachama kamili wa SkyTeam. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kheri, na mengi yaliyojifunzwa Nairobi kuhusu kuendesha shirika yalijifunzwa kwa Waholanzi; atakayekana hilo hana shukurani. Walakini mashirika mawili yaliyokuwa yakiruka moja kwa moja kati ya Nairobi na Amsterdam, ambayo kwa maumbile ya biashara yalipaswa kuwa washindani wa kwanza katika njia hiyo, yalikuwa na mfuko mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Kenya Airways yenyewe, mwaka 2003, ilinunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania, jirani ambaye kwa jiografia tu angekuwa mshindani wake. Hivyo mnyororo mmoja ukaanzia Amsterdam, ukapita Nairobi, ukafika Dar es Salaam na Mwanza, na katika kila pingili palikuwa na watu wawili waliokuwa na sababu ya kutoshindana.

Hasara zilipokuja zilikuwa za kutisha: shilingi za Kenya bilioni 25.7 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, na bilioni 26.2 katika mwaka uliofuata. Sitaubebesha ubia mzigo wote wa hasara hizo, kwa kuwa moto wa uwanja wa Jomo Kenyatta mwaka 2013, shambulio la kigaidi la Westgate jijini Nairobi, hofu ya ebola na ununuzi wa ndege nyingi kwa mkupuo mmoja vyote vilikuwa na sehemu yake. Lakini wale waliosema kwamba ubia ni ngao ya shirika changa wana la kujibu. Na lililo muhimu zaidi kwa hoja yangu lilitokea Septemba 2021, ubia huo ulipovunjwa. Kama mfuko mmoja ndio uliokuwa chanzo cha tiketi moja, tungetarajia kwamba baada ya siku ile abiria wa Nairobi angerudi katika taabu za zamani. Haikuwa hivyo. Kenya Airways imebaki SkyTeam, ndege za mashirika yote mawili zinaendelea kuruka kati ya Nairobi na Amsterdam, na mizigo inafika. Mfuko ulitenganishwa, huduma ikabaki. Sijui ithibati gani nyingine ingetakiwa kuonyesha kwamba viwili hivyo havikuwa kitu kimoja.

Ndugu zetu wa Tanzania na Uganda nao waliuonja mapema mkono huo wa mgeni. Miaka ya 1990 South African Airways iliungana nao katika shirika la pamoja lililoitwa Alliance Air, ambalo lilifungwa mwaka 2000 likiwa limelemewa na hasara. Mwaka 2002 South African Airways ikanunua asilimia 49 ya Air Tanzania, mwaka 2006 serikali ikazirudisha hisa hizo, na mwaka 2008 shirika likanyang'anywa kwa muda cheti cha kuruka. Kinyume chake Ethiopian, ambayo serikali ya Addis Ababa haikumuuzia mgeni hisa zake, ilikuza njia zake na karakana zake na chuo chake cha marubani kwanza, ikaingia Star Alliance Desemba 2011 ikiwa tayari na nguvu ya kuzungumza na wakubwa. Muungano haukuifanya Ethiopian. Ethiopian iliupelekea muungano njia zake za Afrika.

Kuna dhara jingine ambalo halisemwi sana, nalo ni la haki za abiria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 humpa abiria wa safari ndefu fidia ya hadi euro 600 pindi ndege yake inapofutwa au kuchelewa mno kwa makosa ya shirika. Kwa safari zinazoanzia nje ya Ulaya kwenda Ulaya, kanuni hiyo humlinda tu yule ambaye ndege iliyombeba ni ya shirika la Ulaya. Basi mtu aliyenunua Nairobi tiketi yenye namba ya shirika la Ulaya, akaamini kwamba amenunua pamoja na tiketi ile ulinzi wa sheria za Ulaya, akakuta siku ya safari ndege ni ya mshirika asiye wa Ulaya, hana dai chini ya kanuni hiyo. Na jirani yake aliyelipa nauli ile ile, akapangiwa ndege ya jioni ya shirika la Ulaya lenyewe, analo. Mashirika huandika mahali fulani katika tiketi jina la mwenye ndege, lakini ni abiria wangapi walioambiwa kwamba jina hilo linabeba euro 600? Muungano unaotangaza kuwa wote ni wamoja wakati wa kuuza unapaswa kuwa wamoja pia wakati wa kulipa.

Ama habari za pointi anazokusanya abiria kila asafiripo, ambazo American ilizianzisha kwa mpango wake wa 1981 na sasa kila muungano unazo, nitazisema kwa ufupi. Hutajwa kuwa zawadi. Zawadi ambayo mtoaji anaweza kuipunguzia thamani wakati wowote atakao, ambayo humfunga mpokeaji asitazame bei ya mshindani mpya, na ambayo aghalabu huenda kwa ofisa anayesafiri kwa fedha za mwajiri, haina haki ya kuhesabiwa katika hesabu ya manufaa ya umma. Mama anayekwenda Muscat mara moja kwa miaka mitatu kumtazama mwanawe hapati kitu katika pointi hizo, na bado gharama zake zimo ndani ya nauli aliyolipa.

Nimetaja Muscat kwa sababu. Oman Air iliingia Oneworld katikati ya 2025, ambako Qatar Airways ipo tangu 2013. Uanachama peke yake si kosa, wala si kugawana mapato, nami sitamtuhumu mtu kwa jambo asilolitenda. Lakini njia za pwani ya Waswahili kwenda Ghuba ni njia za ndugu, za biashara, za matibabu na za umra, ambazo jamaa wa Zanzibar, Mombasa na Muscat wamezitumia tangu kabla ya ndege kubuniwa, na iwapo siku moja wawili kati ya wanaozihudumia watakuja kuomba ruhusa ya kupanga nauli pamoja, hatutakuwa na udhuru wa kusema kwamba hatukuonywa na mifano ya wengine.

Nani basi atakayeipima ruhusa hiyo? Tanzania ina Tume ya Ushindani kwa sheria ya 2003, Kenya ina mamlaka yake kwa sheria ya 2010, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya ushindani ya 2006, na Uamuzi wa Yamoussoukro wa 1999 uliwaahidi Waafrika anga huria yenye ushindani wa haki. Vyombo vipo. Lakini Januari 2024 tuliziona Dar es Salaam na Nairobi zikitishiana kuzuiliana ndege kwa sababu ya haki za kubeba mizigo, serikali mbili, kila moja ikilitetea shirika lake, na sikusikia upande wowote ukiuliza nauli ya Dar kwenda Nairobi ni kiasi gani na kwa nini. Serikali inayomiliki shirika haiwezi kuwa mwamuzi wa peke yake wa mikataba ya shirika hilo. Ombi la ubia lipelekwe kwa chombo cha ushindani, siyo kwa wizara ya uchukuzi. Lisikilizwe hadharani, na walaji wawe na msemaji. Njia ambazo washirika wote wawili wanaziruka moja kwa moja zitolewe nje ya ruhusa kama ilivyofanywa Marekani mwaka 1996. Ruhusa iwe ya miaka michache, na anayetaka iongezwe aonyeshe kwa nauli alizotoza kwamba abiria alipata kitu. Na kabla ya ombi jipya lolote kupokelewa, hesabu za nauli zilizotozwa chini ya ubia wa Kenya Airways na KLM, ambao umekwisha kufa na hauna tena siri ya biashara ya kulindwa, zitolewe na kusomwa na wachumi wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, njia kwa njia na mwaka kwa mwaka, tangu 1997 hadi 2021.